Chumba Kina, Mpangaji Awe

Matangazo ya vyumba vya kupanga Dar es Salaam nayasoma kama hadithi fupi, nikitafuta mahali sauti inapobadilika. Mengi huanza vizuri. Chumba ni kikubwa, kina marumaru, kina luku yake, na hadi stendi ni dakika tano kwa mguu. Halafu ngeli inahama: mpangaji awe mstaarabu, awe na ndoa, asiwe na watoto wengi. Nyumba imeachwa, sasa anayekaguliwa ni msomaji.

Marekani iliyagusa maneno haya kisheria mwaka 1968. Sheria ya makazi iliyosainiwa Aprili 11, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ilikataza tangazo linaloonesha upendeleo wa rangi, dini au asili ya mtu. Jinsia iliongezwa 1974. Ulemavu na kuwa na watoto, 1988. Kinachonivutia ni kipengele kimoja. Mwenye nyumba anayeishi humohumo, katika nyumba isiyozidi familia nne, sheria hiyo inamwachia kuchagua mpangaji wake, lakini haimwachii kulitangaza chaguo hilo. Maana yake, neno lenyewe lilihesabiwa kuwa jeraha.

Wapo watakaosema huo ni unafiki. Mama anayelea watoto peke yake, tangazo likimficha masharti, atalipa nauli na hela ya dalali ya kuoneshwa chumba, kisha akataliwe mlangoni. Hoja hiyo ni nzito. Hela yake hairudi. Lakini mlangoni anakataliwa na mtu mmoja. Tangazo husomwa na wengi, wakiwemo wenye nyumba wengine, nao hujifunza kwamba "awe na ndoa" ni sharti la kawaida kama kodi ya miezi sita. Hapo woga wa mtu mmoja unageuka desturi ya mtaa.

Kwangu, "mstaarabu" ndilo neno baya kuliko yote. Halina kipimo, kwa hiyo kila mwenye nyumba hulijaza kabila, dini au umri autakao, na hakuna wa kumuuliza.

Anayeogopa kelele aandike sheria ya nyumba: muziki unazimwa saa nne usiku. Sheria hiyo inamfunga mwenye ndoa na asiye nayo, na yule mama ataisoma bila kuambiwa yeye ni mtu wa namna gani.