Fasili ya Neno "Insulini"

Neno insulini limetoholewa vizuri. Kasoro imo katika fasili iliyozoeleka, "dawa ya kupunguza sukari". Fasili hiyo yafaa kwa kichupa cha hospitali tu. Insulini ni homoni itokayo kwenye kongosho, nayo huziwezesha chembehai kupokea glukosi iliyomo katika damu. Mgonjwa wa Bukoba aliyefundishwa kwamba ni dawa ya sukari aweza kuacha sukari ya chai, akala ndizi bila kiasi, asijue kuwa wanga wake nao hugeuka glukosi. Au, vibaya zaidi, akaacha sindano siku asiyoonja kitamu. Asili ya neno ni Kilatini, insula, yaani kisiwa, kwa kuwa chembe ziitoazo zimetawanyika mafungumafungu katika kongosho. Mwalimu wa Muleba, mwenye Bumbire na Goziba ziwani, hana haja ya kutafuta mfano mbali.