Kusafisha na Kulinda Sakafu ya Mawe Katika Nyumba ya Zamani

Sakafu ya mawe asilia hunywa kinachomwagika juu yake. Mawe ya Mazeras, yanayochimbwa pwani ya Kenya na kutandazwa kwenye nyumba nyingi za bara, ni mawe ya mchanga: kati ya punje zake mna vinyweleo vinavyopokea mafuta, chai na maji machafu ya deki. Vinyweleo hivyohivyo hupitisha unyevu unaopanda kutoka ardhini, kwa kuwa nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa karatasi ya nailoni chini ya sakafu. Anayetaka kuilinda sakafu hiyo hana budi kuzuia uchafu usiingie bila kuufungia unyevu ndani.

Hatua ya kwanza ni kulitambua jiwe. Tone la maji ya ndimu hudondoshwa pembeni, mahali pasipoonekana. Likitoa povu, jiwe lina chokaa, kama marumaru au matumbawe, na asidi yoyote, hata siki, italila.

Usafi huanza kwa ufagio. Burat, katika nyanda kavu za Isiolo, vumbi na mchanga huingia ndani kila siku, na punje zikisuguliwa zikiwa juu ya jiwe hulikwaruza. Baada ya kufagia, polishi ya zamani huondolewa. Ile nyekundu iliyozoeleka kwenye sakafu za saruji hujaa katika mashimo madogo na kwenye viungo. Hulainishwa kwa tapentaini, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali, kisha hufutwa kwa matambara. Ndipo sakafu husuguliwa kwa brashi ya nailoni na sabuni isiyo kali, kipande kwa kipande, na maji machafu huzolewa kabla hayajakauka. Doa la mafuta hupakwa uji mzito wa kaolini na tapentaini, hufunikwa kwa nailoni usiku kucha, kisha hufunuliwa ukauke na kukwanguliwa ukiwa umeyafyonza mafuta.

Maji ya mwisho ya suuza yawe ya mvua au ya bomba lisilo na chumvi. Maji ya visima vingi vya Isiolo yana chumvi, nayo hubaki juu ya jiwe kama unga mweupe. Viungo vilivyomomonyoka hujazwa upya, na sakafu huachwa ikauke kwa siku kadhaa. Miezi inayofaa ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, nje ya misimu ya mvua. Kipande cha nailoni kikibandikwa sakafuni usiku na kukutwa na matone chini yake asubuhi, kazi isubiri.

Vanishi inayofanya utando haifai hapa. Unyevu hukwama chini yake, chumvi huganda ndani ya vinyweleo, na uso wa jiwe hubanduka kama magamba. Kinachofaa ni dawa ya kupenya ya aina ya silani au siloksani, ambayo hukataza maji kuingia lakini huruhusu mvuke kutoka. Hujaribiwa kwanza pembeni, kisha hupakwa kwa wepesi, na ile isiyonywewa hufutwa kabla haijakauka, la sivyo itaacha ukungu unaonata.

Kila mwaka tone la maji ndilo kipimo. Likisimama juu ya jiwe, kinga ingalipo. Likinywewa na kuacha alama nyeusi, ni wakati wa kupaka tena.