Uniti moja ni shilingi ngapi?

Ujumbe wa LUKU, mfumo wa Tanzania wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, unaoingia kwenye simu baada ya kununua umeme umejaa namba. Kuna tokeni ya tarakimu 20, idadi ya uniti, gharama ya umeme, kodi ya VAT asilimia 18, tozo ya mdhibiti EWURA asilimia 1 na ya umeme vijijini REA asilimia 3, na kila tozo imeandikwa mpaka senti. Kinachokosekana ni bei ya uniti moja. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, anayelipa 10,000 anaambiwa kwamba EWURA imechukua shilingi 81.97, lakini haambiwi kuwa kila uniti imemgharimu shilingi 356. Namba ya kwanza haimsaidii kuamua chochote. Ya pili ingemwonyesha kama alichopata ni sahihi, na kama mwezi huu pasi ya umeme itumike kila asubuhi au mara mbili kwa wiki. Kwangu mimi bili iko wazi pale mteja anapoweza kuipiga hesabu mwenyewe na kupata jibu lile lile lililotoka kwenye mtambo. Orodha ya makato, hata ikiwa ndefu na ya kweli, haitoshi.

Kwa kipimo hicho, hatua kubwa ilishapigwa. Mpaka mwanzoni mwa 2016, mteja wa T1 alitozwa gharama ya huduma ya shilingi 5,520 kila mwezi, atumie umeme asitumie. Aliyenunua wa 10,000 mwanzo wa mwezi, akanunua tena wa 10,000 baadaye, alipata uniti tofauti kwa fedha ile ile. Aprili 2016 tozo hiyo iliondolewa, na bei ya T1 ikashuka kutoka shilingi 298 hadi 292. Wengi walizungumzia punguzo la bei, ambalo lilikuwa dogo. Kwa maoni yangu faida kubwa ilikuwa kwenye hesabu: 292 ukiongeza asilimia 22 za kodi na tozo ni 356.24, basi. Gawanya fedha yako kwa namba hiyo upate uniti zako, 28.07 kwa kila 10,000, iwe tarehe mosi au tarehe 30. Kwa mara ya kwanza mwenye nyumba wa kawaida angeweza kuukagua umeme wake kwa kikokotoo cha simu, kama angepewa hiyo namba. Hakupewa.

Kwa mteja wa D1, yaani mwenye matumizi madogo, hesabu ni ngumu zaidi, na hapo ndipo ukimya wa ujumbe unapoumiza. Uniti zake 75 za kwanza ndani ya mwezi ni shilingi 100 kila moja, sawa na 122 ukijumlisha kodi na tozo. Akivuka hapo, kila uniti ni 350, yaani 427. Tuchukue mama lishe anayenunua umeme wa 5,000 mara tatu kwa mwezi, bila makato mengine. Mara ya kwanza anapata uniti 40.98. Mara ya pili anapata 36.01, kwa sababu 34.02 zimekamilisha zile 75 na fedha iliyobaki imelipiwa kwa bei ya juu. Mara ya tatu anapata 11.71. Fedha ni ile ile, mita ni ile ile, mwezi ni ule ule. Hakuna aliyemwibia, kanuni imefuatwa kikamilifu. Lakini ujumbe haukumwambia kwamba mpaka umekaribia, wala kwamba ameshauvuka, na ni haki yake kuhisi kuna mchezo. Angejua mapema, pengine manunuzi ya tatu angeyasogeza hadi mwezi unaofuata.

Agosti 2021 fumbo la tarehe mosi lilirudi kwa sura nyingine, pale kodi ya majengo ilipoanza kukusanywa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye, mwaka 2023, 1,500. Mteja wa T1 mwenye 10,000 sasa anagawanya 8,500, anapata uniti 23.86 badala ya 28.07, na manunuzi yanayofuata yanarudi 28.07. Sibishi kwamba njia hii ni rahisi kwa mkusanyaji: mita tayari iko nyumbani, na kodi ya 18,000 kwa mwaka ni nyepesi ikigawanywa miezi 12. Ubaya ni kwamba kodi ya jengo imeingizwa kwenye hesabu ya umeme, na mara nyingi anayebonyeza namba kwenye mita ni mpangaji, si mwenye jengo. Anahitaji makato hayo yatajwe kwa jina lake kamili, peke yake, ili amwonyeshe mwenye nyumba na kudai yarudi kwenye kodi ya chumba.

Kuna watakaosema wateja hawasomi. Wanatazama tokeni tu. Waende kwenye duka la gesi. Mtungi una uzito wake mtupu umechongwa kwenye chuma, na muuzaji anatakiwa awe na mizani. Mtungi wa kilo 15 ulioandikwa 14.8 lazima upime 29.8, na wapo wanunuzi wanaodai upimwe mbele yao. Watu husoma namba inayowawezesha kukagua. Wengine watasema bei moja haiwezi kutajwa kwa sababu hubadilika, na watatoa mfano wa Kenya, ambako gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni hurekebishwa kila mwezi na kutangazwa kwenye gazeti la serikali. Huko ndiko bei inakohitajika zaidi. Mtambo hauwezi kutoa uniti bila kugawanya fedha kwa bei fulani. Bei hiyo tayari wanayo, ni kuiandika tu.

Pingamizi lenye uzito ni la nafasi. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160, na mchanganuo wa kodi lazima umfikie mteja. Basi mchanganuo uende kwenye ujumbe wa pili, ule unaohifadhiwa, na wa kwanza useme hivi kwa mteja wa D1 aliyelipa 5,000: Umelipa 5,000. Kodi ya jengo 1,500. Umeme 3,500. D1, sh 122 kwa uniti. Umepata uniti 28.7. Uniti nafuu zimebaki 46.3 mwezi huu. Ukiongeza tokeni, herufi 160 hazijafika. Hakuna mita mpya inayohitajika, wala sheria mpya, wala bei kuguswa. Kila namba iliyomo humo mtambo wa mauzo unaihitaji ili utoe hizo uniti, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya uandishi, na EWURA inaweza kuiagiza.