"Mmea wa Mwaka" Usioishi Mwaka

Tumezoea kuigawa mimea kwa umri wake: ya mwaka mmoja, ya miaka miwili, na ya kudumu. Mgawanyo huu wafaa, lakini istilahi ya kwanza imebebeshwa mzigo usiokuwa wake. Chini yake hutiwa pia mimea ambayo huota, huchanua, huzaa na kufa katika wiki chache tu.

Tuchukue kishonanguo, ambacho wataalamu hukiita Bidens pilosa. Nani hajapata kubandua mbegu zake nyeusi katika nguo? Penye joto na unyevu wa kutosha, kishonanguo huweza kutoa vizazi vitatu au vinne katika mwaka mmoja. Bwana shamba asomaye kitabuni kwamba hili ni gugu "la mwaka" atadhani iko nafasi ya kungoja. Palizi ikichelewa, mbegu zimekwisha kudondoka. Kosa hapo ni la istilahi, wala si la mkulima.

Wako wasemao "mmea wa msimu". Hatukubali, mahindi na mtama nayo ni ya msimu. "Mmea wa muda mfupi" una afadhali, ila wakulima wameshautumia usemi huo kwa mbegu za mahindi zikomaazo mapema, nao wametangulia. Kukopa "efemera" hakutusaidii: asili yake ya Kigiriki yataja siku moja, na hapana mmea wa maua umalizao maisha yake kwa siku moja.

Twapendekeza "kiwahi", wingi "viwahi", kutokana na kuwahi. Mimea ya jangwani yaidhihirisha maana hiyo. Mbegu hulala mchangani hata miaka, baadhi zikiwa na kemikali izuiayo kuota, mpaka mvua ya kutosha iioshe. Ndipo mmea hukimbilia kuzaa kabla udongo haujakauka. Ufupi wa maisha yake si udhaifu: mmea umeuwahi ukame. Arabidopsis thaliana, mmea wa kwanza kuchapishiwa jenomu yake, mwaka 2000, hupendwa maabara kwa sababu iyo hiyo. Toka mbegu hadi mbegu ni kama wiki sita.

Twajua kwamba msomaji mwenye haraka aweza kulidhani "kiwahi" kuwa kitenzi. Hata hivyo ki- yake yalingana na ile ya kishonanguo, na hatusemi "mmea wa mwaka" ufutwe. Ubakie kwa mimea inayotumia msimu mzima. Walimu wa elimuviumbe walijaribu neno hili darasani, na mwenye lililo bora alilete.