Mtindo ni Mali ya Nani? Uhakiki wa Utamaduni na Biashara ya Muziki wa Dansi Tanzania kwa Mtazamo wa Msikilizaji wa Chala, Ufipa

Uhakiki wa muziki wa dansi wa Tanzania umezoea kuanzia ukumbini. Mhakiki huketi karibu na jukwaa la DDC Kariakoo au la Vijana Kinondoni, huhesabu magitaa na matarumbeta, huwatazama wachezaji, kisha hutoa hukumu kuhusu nchi nzima. Mazoea hayo yana sababu, kwa kuwa viingilio vya mlangoni na bia iliyouzwa ndani ndivyo vilivyoziweka bendi hai. Lakini sehemu kubwa ya wasikilizaji wa miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa vijijini, nao waliujua muziki huo kwa njia ya redio. Chala, katika Wilaya ya Nkasi, kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere, ni mahali pa namna hiyo. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na reli haifiki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba umbali huo si upungufu wa msikilizaji ambao mhakiki anaweza kuupuuza. Umbali huo unafichua jambo ambalo ukumbi hulificha: katika muziki wa dansi kilichouzwa kilikuwa mtindo, na wimbo wenyewe ulitolewa karibu bure. Swali la nani aliumiliki wimbo huo halijapata jibu hadi leo.

Ulinganisho na Haiti unasaidia kuliweka swali hili mahali pake. Katika nchi hiyo, kama ilivyokuwa Afrika Mashariki, neno jazi liliacha kumaanisha muziki wa Wamarekani Weusi likawa jina la kundi lolote la dansi lenye ala za kisasa. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz Band mwaka 1944, na hakuna hata moja kati yao iliyopiga jazi kwa maana ya New Orleans. Bendi zote mbili, za Haiti na za Tanzania, zilinywa kutoka kisima kimoja cha Kuba. Salum Abdallah aliiita bendi yake ya Morogoro Cuban Marimba bila kuona haja ya kumfafanulia mtu yeyote. Jambo lenye uzito zaidi, hata hivyo, ni lile lililotokea Port-au-Prince mwaka 1955, Nemours Jean-Baptiste alipoupa mdundo wake jina la compas direct. Webert Sicot, aliyekuwa mwenzake, baadaye alijitenga na kutangaza cadence rampa. Tofauti ya midundo hiyo miwili ni ndogo kiasi kwamba sikio la mgeni huikosa. Tofauti ya majina ilikuwa kubwa, nayo iliwagawa wapenzi katika kambi mbili. Averill (1997), katika uchunguzi wake wa muziki na mamlaka nchini Haiti, anaonesha jinsi ushindani wa namna hiyo ulivyofungamana na siasa na biashara kwa wakati mmoja.

Mpenzi wa dansi wa Tanzania hahitaji kufundishwa jambo hilo. Analijua kwa jina la mtindo. Msondo ulikuwa wa NUTA Jazz na warithi wake. Sikinde ulikuwa wa Mlimani Park. Ogelea Piga Mbizi ulikuwa wa Orchestra Maquis, bendi iliyotoka Zaire ikaweka makao Dar es Salaam. Ndekule ulikuwa wa International Orchestra Safari Sound. Majina ya mitindo miwili ya kwanza yametoka katika ngoma za pwani, na hapo wahakiki wengi wamesimama kwa furaha, wakiona ushahidi kwamba dansi lilirudi nyumbani. Tafsiri hiyo si ya kukataliwa, ila inaishia njiani. Ukiyatoa majina hayo katika nyimbo na kusikiliza magitaa peke yake, utasikia kwamba bendi hizi zilikaribiana kuliko zilivyotaka kukiri. Tena wapigaji walikuwa wale wale. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978 kwa wanamuziki waliotoka katika bendi nyingine za jiji, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo aliyetoka katika bendi ya wafanyakazi. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliunda Safari Sound mpya kwa kuwachukua Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka, mpiga gitaa Abel Balthazar na wengine kutoka Mlimani Park. Sauti zilihama, Sikinde haikuhama. Mwanamuziki alipotoka aliondoka na koo lake na vidole vyake, lakini jina lililomjaza mtu hamu ya kulipa kiingilio lilibaki kwa mwenye bendi, pamoja na vyombo.

Kwa hiyo mtindo ulifanya kazi ya alama ya biashara katika mazingira ambayo hayakuwa na biashara nyingine ya muziki ya kutegemewa. Hapa ndipo Haiti na Tanzania zinapoachana. Haiti ilikuwa na wahamiaji New York, Miami na Paris walionunua santuri kwa fedha za kigeni; Tabou Combo, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilipata umaarufu wake mkubwa nje ya kisiwa. Tanzania haikuwa na soko la namna hiyo, wala haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri kilichofanya kazi. Kampuni ya Filamu Tanzania iliingia katika usambazaji wa santuri bila mafanikio ya kudumu. Njia ya Nairobi ilikuwapo, na Mbaraka Mwinshehe aliitumia vizuri kuliko wote hadi alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Njia hiyo ilizidi kuwa nyembamba baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Kilichobaki ni studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilikwenda kurekodi, mkanda ukahifadhiwa redioni, na wimbo ukarushwa mara nyingi kadiri watangazaji walivyopenda. Malipo yalikuwa madogo. Faida ya bendi ilikuwa kwamba siku ya Jumamosi watu wangekuja ukumbini kuusikia wimbo walioujua tayari.

Msikilizaji wa Chala anaanza kuwa na maana katika mpangilio huu. Kwa bendi, wimbo redioni ulikuwa tangazo, na bidhaa ilikuwa usiku wa dansi. Lakini ni tangazo gani linalorushwa kwa mtu asiyeweza kufika dukani? Mikoa iliyopitiwa na reli ya kati iliweza kutembelewa na bendi. Ufipa ilihitaji gari, na baada ya vita vya Kagera mafuta ya gari yalikuwa adimu nchi nzima. Bendi yenye wanamuziki wapatao ishirini, vipaza sauti na ngoma zake, haikuweza kupanda uwanda huo kila mwaka kwa matumaini ya viingilio vya wakulima kabla ya mavuno. Hivyo msikilizaji wa Chala alipokea wimbo bila kulipa, na bendi ilimpa bila kupata. Ni vigumu kuita uhusiano huo biashara. Hata hivyo ndio uliozifanya nyimbo za jiji moja kuwa nyimbo za taifa.

Uhusiano huo uliigusa fani yenyewe. Wimbo wa dansi wa kipindi hicho una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: mwimbaji anasimulia kisa cha ndoa, deni, wivu au uyatima, na waitikiaji wanamfuata. Ya pili ni chemko, ambapo gitaa la solo na matarumbeta hushika usukani, maneno hupungua, na wachezaji huingia uwanjani kwa nguvu. Ukumbini chemko ndiyo kilele, na huweza kurefushwa kadiri wachezaji wanavyodai. Redioni uwiano unageuka. Muda una mipaka, mtangazaji huweza kuufifisha wimbo akasoma salamu au taarifa, na mtu aliyeketi uani usiku na redio ya betri hana uwanja wa kuchezea. Anachobakiwa nacho ni kisa. Ndiyo maana uhakiki unaodai kwamba maneno ya dansi ni kisingizio tu cha kucheza, hoja inayorudiwa mara kwa mara, unaweza kuwa kweli Kariakoo na uongo Nkasi kuhusu wimbo ule ule. Nyimbo za Marijani Rajab, ambazo mashairi yake yana wahusika wenye majina na mwisho wenye hukumu, husomeka upya zikisikilizwa hivyo: ni hadithi kwanza, na dansi baadaye.

Upande huo wa usimulizi unastahili uzito zaidi kwa sababu ya mahali panapozungumziwa. Ufipa inajulikana katika taaluma kwa sanaa yake ya masimulizi. Roy Willis, aliyefanya utafiti wa muda mrefu huko, alitoa mwaka 1978 kitabu kizima kuhusu sanaa ya kusema ya Wafipa. Jamii iliyozoea kuipima hadithi kwa namna msimulizi anavyoichelewesha na kuifikisha haikuupokea wimbo wa redio mikono mitupu. Ilikuwa na vigezo. Mhakiki anayesema kwamba redio ilipeleka utamaduni vijijini anasahau kuuliza utamaduni huo ulikutana na masikio ya namna gani. Kosa hilo linaonekana hata katika kazi bora. Askew (2002) ameeleza kwa kina jinsi dola na wasanii walivyoigiza taifa pamoja, na Perullo (2011) ameeleza jinsi wanamuziki wa Dar es Salaam walivyojitafutia riziki baada ya soko huria. Kwa wote wawili, kitovu cha hoja kiko pwani. Hiyo ni mipaka halali ya utafiti. Haipaswi kugeuzwa kuwa mipaka ya muziki.

Vilevile kuna majina yanayotajwa ndani ya wimbo. Katikati ya chemko mwimbaji humwita mpiga gitaa kwa jina, hulitaja jina la mtindo, wakati mwingine hata la ukumbi. Kwa mtu wa jijini hilo ni tangazo la wazi. Kwa mtu wa Chala haliwezi kuwa tangazo, maana halimwelekezi popote anapoweza kwenda. Ni sahihi zaidi kuliona kama sehemu ya utungo: orodha ya wahusika wa mahali pa kufikirika panapoitwa Dar es Salaam. Biashara ilitia majina hayo katika wimbo, na umbali ukayageuza kuwa fasihi.

Isisahaulike kwamba Ufipa haikusikiliza Dar es Salaam peke yake. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika na bandari ndogo za Kipili na Kasanga, na ng'ambo yake kuna Moba na Kalemie. Kusini kuna Zambia. Rumba ya Kongo haikuhitaji kupitia Ubungo ili kufika huko. Kwa msikilizaji wa uwanda huu, sifa ya Orchestra Maquis ya kuwa bendi ya wageni waliofika jijini haikuwa na mvuto ule ule, kwa kuwa wageni hao walitoka upande wa jirani zake.

Mamlaka ya redio juu ya msikilizaji wa mbali yanaonekana wazi zaidi pale redio ilipokataa. Mwaka 1990 Remmy Ongala na Super Matimila walikuwa na wimbo Mambo kwa Soksi, uliohimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukienea. Redio ya taifa haikuurusha. Wakazi wa jiji waliweza kuusikia jukwaani, na kaseti ziliuchukua mbali kiasi. Kwa mahali palipotegemea redio peke yake, katazo hilo lilikuwa na maana tofauti kabisa: wimbo haukuwapo. Mjadala wa kitaaluma kuhusu Remmy umejikita katika ujasiri wa mtunzi na unyeti wa maadili, na Graebner (1989) aliuliza mapema muziki huo ni wa nani. Swali hilo linapaswa kuongezewa jingine lisilo la heshima sana kwa taasisi: nani alinyimwa kuusikia, na kunyimwa huko kulimgharimu nini? Kusema kwamba lugha ya wimbo ilikuwa ya ukumbini, isiyofaa masikio ya familia, ni kukubali kwamba ukumbi na redio vilikuwa na hadhira mbili. Hapo hoja ya taifa moja linalosikiliza pamoja inapasuka.

Kaseti zilizonakiliwa madukani bila ridhaa ziliziba pengo hilo kwa kiasi fulani. Uhakiki umeziita wizi, na kwa upande wa mtunzi ni wizi. Lakini mnakili alikuwa mtu wa kwanza kumtendea msikilizaji wa pembezoni kama mteja: alimuuzia wimbo wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na chama cha COSOTA kilichotokana nayo vilikuja wakati bendi nyingi zilizotunga nyimbo hizo zimekufa au zimebadilika majina, na wakati redio binafsi, zilizoanza katikati ya miaka ya 1990, zimekwisha kugeukia bongo fleva.

Mfano wa bendi ya wafanyakazi unaonesha ugumu ulivyo. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964, wanamuziki wake wakiwa waajiriwa wenye mshahara, jambo lililosifiwa kama ukombozi wa msanii kutoka kwa wamiliki binafsi. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz. Kilipogeuka OTTU, ikawa ya OTTU. Hatimaye ikajitegemea kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Wimbo uliorekodiwa na mwajiriwa wa chama kisichokuwapo tena, katika studio ya redio ambayo mikanda yake sasa imo chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, una wadai wasiopungua wanne: warithi wa mtunzi, wapigaji walioshiriki, mrithi wa mwajiri, na mwenye mkanda. Mikanda hiyo ikigeuzwa kuwa ya kidijitali na kuuzwa kwa wapenzi wa muziki wa zamani huko Ulaya na Marekani, soko ambalo dansi la Tanzania halikuwa nalo lilipokuwa hai, itabidi mmoja wa hao wanne atie saini. Jina la mtindo, ambalo ndilo pekee lililolindwa kwa wivu muda wote huo, halitoshi kuonesha ni yupi.