Tasnifu Isiyorudi Nyumbani: Maoni juu ya Elimu ya Juu ya Theologia na Sharika za Karagwe na Kyerwa

Katika makala haya tunakusudia kuhoji aina moja ya maandishi ambayo wengi wetu tuliopita katika vyuo vya theologia tumeyaandika, tumeyatetea mbele ya watahini, kisha tumeyaacha. Maandishi hayo ni tasnifu ya shahada ya pili au ya udaktari. Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu uhaba wa wachungaji wenye shahada, gharama za kuwasomesha, na hofu ya kwamba wakienda ng'ambo hawatarudi. Hayo si mambo madogo. Lakini hata mchungaji anaporudi, akapokelewa usharikani kwa kwaya na shangwe, mara nyingi kazi aliyoiandika hairudi pamoja naye. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia. Mifano tumeichukua kutoka sehemu tunayoifahamu, yaani wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, na ambazo Dayosisi ya Karagwe ya KKKT imezihudumia tangu ilipotengwa na Dayosisi ya Kaskazini Magharibi mwaka 1979.

Msomaji na achukue tasnifu yoyote ya theologia iliyoandikwa kuhusu sehemu zetu, afungue sura ya kwanza. Atasoma kwamba Karagwe iko kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwamba upande wa magharibi inapakana na Rwanda, kwamba wenyeji wake huitwa Wanyambo, na kwamba hulima migomba, kahawa na maharage. Nani anaambiwa habari hizi? Mzee wa Kanisa aliyeko Murongo, anayeiona Uganda ng'ambo ya mto kila asubuhi, hana haja ya kuelezwa mpaka uko wapi. Mama aliyeamka kupalilia migomba hahitaji kuambiwa kwamba hapa watu hulima migomba. Sura hiyo ya kwanza inamtambulisha msomaji wake bila kumtaja jina: ni msimamizi wa tasnifu, naye ni mgeni. Na sura zote zinazofuata zinaendelea kumwelekea huyo huyo. Wazee na akina mama waliohojiwa ndio wanaozungumzwa, lakini wao si wanaozungumziwa nao.

Tunafahamu kwamba kila maandishi yana mtu yanayemwelekea, na si kosa kumwandikia profesa. Mtume Paulo naye alikuwa na wasomaji aliowakusudia. Lakini tujaribu kuwaza waraka unaochambua magomvi ya Wakorintho, mashtaka yao mahakamani, ndoa zao na ulafi wao katika Chakula cha Bwana, ukiandikwa vizuri sana, ukapewa alama za juu, kisha ukawekwa kwenye rafu huko Athene.

Hali hii haikutokana na uzembe. Chuo cha Makumira kilipofunguliwa karibu na Usa River mwaka 1954, na Mfuko wa Elimu ya Theologia ulipoanzishwa mwaka 1958 chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, kazi iliyokuwa mbele ya viongozi wa wakati ule ilikuwa nzito na ya haraka. Makanisa yalikuwa yanaelekea kujitegemea, na walimu wa vyuo walikuwa karibu wote wageni. Ilibidi wapatikane Waafrika ambao elimu yao isingeweza kudharauliwa popote. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa kilikuwa kile cha vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na lugha ikawa ya huko. Jarida la theologia la Makumira, lililoanza mwaka 1968, lilitoka kwa Kiingereza kwa sababu hiyo hiyo: wazee wetu walitaka kusikika. Baadaye, mwaka 1983, ilifunguliwa Nairobi shule ya kiinjili ya shahada za juu za theologia, iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ili viongozi wa Kikristo wasilazimike kuvuka bahari. Yote hayo yalikuwa maendeleo, na sisi wenyewe tumekula matunda yake. Lakini kuhamisha darasa kutoka Chicago hadi Nairobi au Usa River kulifupisha safari ya mwanafunzi tu; anwani iliyoandikwa juu ya barua haikubadilika.

Ili tusionekane tunabeza kazi za waliotutangulia, tuvitazame vitabu vyenyewe. Kagera si mkoa uliosahauliwa na wasomi. Bengt Sundkler, askofu wa kwanza wa Kilutheri huko Bukoba, alitoa kitabu chake *Bara Bukoba* mwaka 1974 kwa Kiswidi, kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1980. (Jina hilo lina mchezo ndani yake: kwa Kiswahili tunasikia "bara", kumbe kwa Kiswidi neno hilo lina maana ya "tu", kana kwamba mwandishi anasema "Ni Bukoba tu". Wasomaji wa nchi mbili wanaliona jina moja, na kila mmoja anasoma kitu kingine.) Israel Katoke alichapisha Nairobi, mwaka 1975, historia ya ufalme wa Karagwe, iliyotegemea sana masimulizi ya wazee. Wilson Niwagila alitoa Ujerumani, mwaka 1988, kitabu kinachoonyesha kwamba Injili katika nchi ya Wahaya haikuanza na wamishenari wa Betheli waliofika Bukoba mwaka 1910, bali ilikuwa imekwisha kuletwa na wenyeji waliokutana nayo Buganda, wakakusanyika kwa siri kama Wakristo wa makatakombe. Hoja hiyo ni ya maana kubwa kwa Mkristo wa kawaida. Ina maana kwamba babu yake si mtu aliyepokea tu, bali mtu aliyeleta. Lakini ni wanafunzi wangapi wa kipaimara katika dayosisi zetu waliowahi kufundishwa habari hiyo? Tumefundisha kipaimara miaka mingi, na tunakiri kwamba hatukuifundisha mpaka tulipokisoma kitabu hicho tukiwa watu wazima.

Kitabu kinachotugusa zaidi ni cha Askofu Josiah Kibira, *Church, Clan, and the World*, kilichochapwa Lund, Uswidi, mwaka 1974. Kibira alizaliwa mwaka 1925, akasoma Ujerumani na Marekani, akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu. Kitabu chake hakina madoido. Mahali pengine kinachosha, kwani mwandishi anajitahidi kuwaridhisha watahini wake, nasi tunaijua hali hiyo. Lakini chini ya kurasa zote, kwa jinsi tunavyokisoma, linapita swali moja ambalo halikutoka Ulaya: mtu aliyebatizwa ni wa ukoo gani? *Oruganda* unampa mtu jina, shamba, mchumba, na mahali pa kuzikwa. Kanisa nalo linasema limemzaa upya. Pande mbili hizo zikigongana, damu ipi itamwita kwa sauti kubwa zaidi?

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wanaokaribia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Wengine walivuka Mto Kagera upande wetu, na kambi zikafunguliwa Karagwe. Tulikuwa wanafunzi wa shule ya msingi. Tunakumbuka moshi wa kuni, miti iliyokatwa hata vilima vikabaki vitupu, na nyimbo za uamsho zilizosikika kutoka kambini jioni, nyimbo zilezile zilizoimbwa usharikani kwetu. Uamsho wenyewe ulikuwa umetufikia kutoka Rwanda, na wazee wetu walikuwa wakisalimiana na ndugu wa upande ule kama watoto wa baba mmoja. Sasa ilisemekana kwamba miongoni mwa waliouawa na miongoni mwa waliowaua walikuwamo waliobatizwa, na hata waliowahi kutubu pamoja. Mzee mmoja wa kwetu alimwuliza mchungaji, mbele ya watu, baada ya ibada: "Baba Mchungaji, ubatizo uliwafanya nini hawa?" Mchungaji yule alikuwa mtu wa sala na mwaminifu. Aliinamisha kichwa, kisha akasema tuombe. Wakimbizi walirudishwa Desemba 1996, na swali likabaki kwetu.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo kimoja ng'ambo, huku theluji ikianguka nje, ndipo tulipokifungua kitabu cha Kibira kwa mara ya kwanza. Tulilikuta humo swali la mzee yule, limeulizwa na mtu wa mkoa wetu miaka 20 kabla ya mauaji yale. Hatusemi kwamba kitabu kingezuia lolote. Tunasema kwamba mchungaji yule alistahili kuwa nacho mkononi, katika lugha aliyohubiria, siku ile alipoinamisha kichwa. Kwetu sisi, huo ndio upungufu mkubwa kuliko yote katika elimu ya juu ya theologia, nao unazidi upungufu wa fedha.

Wako watakaotujibu kwa njia mbili. Kwanza, ndugu zetu wa uamsho husema kwamba shahada hizi zote hazina kazi, maana Roho Mtakatifu hakuziuliza kwa Petro. Tunawaheshimu, kwani wengi wetu tulilelewa imani na mama zetu waliokuwa wa uamsho. Lakini swali la mzee halikuwa la mtu aliyekosa Roho. Lilikuwa la mtu aliyetaka kufikiri, na kanisa lisilowasaidia watu wake kufikiri linawaachia wengine kazi hiyo. Pili, walimu wenzetu husema kwamba tukianza kudai tasnifu ziandikwe kwa Kiswahili, watahini wa nje hawatapatikana na shahada zetu zitashuka thamani. Hoja hii ina uzito. Kibira asingesikika duniani kwa Ruhaya. Kwa hiyo hatudai Kiingereza kiondolewe. Tunachopendekeza ni kidogo zaidi, na labda kwa sababu hiyo ni kigumu zaidi: kila mwanafunzi wa shahada ya pili anayeandika juu ya usharika aandike pia kurasa chache za Kiswahili zenye hoja yake kamili, wala si muhtasari wa pongezi, akazisome mbele ya watu aliowahoji, na majibu yao yaingizwe katika tasnifu kabla haijatahiniwa. Tunamwita daktari wa nje kuwa mtahini. Wazee wa mtaa ni watahini pia, na wao wana ushahidi ambao daktari hana.

Hatusemi hivi kwa kuwanyoshea wengine kidole. Tasnifu yetu ilihusu Wakristo wasioshiriki Meza ya Bwana ingawa hawajatengwa. Tulihoji watu katika mtaa mmoja wa Kyerwa, miongoni mwao bibi mmoja ambaye alikuwa hajashiriki kwa miaka 11. Mumewe alikuwa ameoa mke wa pili. Mume na mke huyo wa pili walitengwa, lakini yeye, mke wa ndoa, alikuwa huru kushiriki. Tulimwuliza kwa nini hashiriki. Akasema, "Namngoja mwenzangu." Tulikuwa tumekwisha kusoma vitabu vingi juu ya nguvu ya ukoo. Neno lile tukaliweka katika Kiingereza kwa maneno yenye maana ya "watu wangu", tukaandika aya nzima kuonyesha jinsi hofu ya ukoo inavyomzuia Mkristo wa Kinyambo asifike altareni. Msimamizi wetu aliipenda aya hiyo. Aliandika pembeni kwamba ndiyo kiini cha sura.

Tuliporudi nyumbani bibi alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka jana tuliitafsiri sura ile, kurasa 31, tukaisoma katika mtaa ule kwa jioni tatu za Kwaresima. Walikuja wazee, mwinjilisti, vijana wachache wa kwaya, na binti wa marehemu. Jioni ya pili tulipofika kwenye aya ile, binti aliomba ruhusa kusema. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgeni aliyekosea njia: "Mchungaji, mama hakuogopa ukoo. Mwenzake ni mama mdogo. Walikuwa wanalima pamoja na kupika chungu kimoja. Alisema hawezi kwenda kula kwa Bwana na mwenzake amekaa nje na njaa."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mwinjilisti akauliza kama mama mdogo bado yuko hai. Yuko, siku hiyo alikuwa amekaa karibu na mlango.

Aya ile tumeifuta katika nakala ya Kiswahili, na habari ya mama mdogo tumeipeleka kwenye baraza la wazee wa usharika. Katika nakala iliyoko kwenye maktaba ile ya ng'ambo bado ipo, ukurasa wa 84.