Meza ya Vizazi Ilivyohamia Kliniki

Siku ya kliniki huanza mapema. Jua halijachomoza sawasawa, akina mama wamekwishajaa kwenye mabenchi ya zahanati, watoto mapajani, kadi mkononi. Mtoto huvalishwa kikaptula cha kitambaa, huning'inizwa kwenye mzani, akalia. Uzito huandikwa kwenye kadi, sindano huchomwa, akalia tena. Mwaka 2010, Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania ulikuta kwamba watoto watatu kati ya kila wanne wenye umri wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Utafiti huohuo ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliosajiliwa serikalini walikuwa asilimia 16 tu, na nusu hivi ya hao ndio waliokuwa na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Hesabu hizo mbili zinatoka katika nchi moja, kwa akina mama walewale. Mama aliyebeba mtoto kwenda chanjo mara nne au tano kabla hajatimiza mwaka si mzembe, wala si mtu asiyejali karatasi, maana kadi ya kliniki anaitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya nguo zake. Ukitaka kujua kwa nini karatasi moja ilimfikia na nyingine haikumfikia, huna budi kuzichora njia zote mbili na kuzilaza sambamba.

Kuchora njia ya kazi ni fani yenye kanuni zake. Duara huonyesha mahali kazi inapoanza na inapoishia, mstatili huonyesha jambo linalotendwa, na umbo la almasi huonyesha mahali pa kuamua au pa kugawanyika. Kila mhusika ana ujia wake, mfano wa njia za wakimbiaji uwanjani, na mshale unaovuka kutoka ujia mmoja kwenda mwingine maana yake kazi imebadilisha mikono. Lugha hii ya michoro inaitwa BPMN, na mwaka 2013 ilipewa hadhi ya kiwango cha kimataifa. Faida yake kubwa ofisini ni kwamba inakataa kufichwa. Mtu anaweza kusema kwa mdomo kwamba cheti "kinapatikana wilayani," lakini mchoro utamlazimisha aonyeshe ni nani anayekwenda huko wilayani, mara ngapi, na kwa nauli ya nani.

Njia ya zamani ya cheti cha kuzaliwa Tanzania Bara ilikuwa hivi. Mtoto akizaliwa kituoni, mama hupewa tangazo la kizazi. Akizaliwa nyumbani, mzazi hulitafuta tangazo hilo kwa mtendaji wa eneo lake. Mwaka 2010 nusu ya akina mama bado walikuwa wanajifungulia nje ya vituo vya afya, kwa hiyo njia hii ya pili haikuwa ya wachache. Tangazo lenyewe si cheti. Mzazi alitakiwa alipeleke makao makuu ya wilaya, kwenye ofisi inayosajili vizazi na vifo, alipe ada, aombe, kisha arudi siku nyingine kuchukua cheti. Kwenye mchoro, ujia wa mzazi ndio unaojaa mishale, ilhali ujia wa serikali una mistatili miwili mitatu iliyotulia mahali pake. Mzigo wote wa kusafirisha taarifa, kutoka pale mtoto alipozaliwa hadi pale daftari lilipo, uliwekwa mgongoni kwa mtu mwenye mtoto mchanga.

Na safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Chukua Chunya, mkoani Mbeya, kabla haijagawanywa. Wilaya hiyo moja ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 29,000, yaani kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, na ilikuwa na ofisi moja ya kusajili vizazi. Sensa ya 2012 ilipokuta kwamba Tanzania Bara watoto 13 hivi tu kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wana cheti, ilikuwa inapima umbali huo zaidi ya mwamko wa wazazi.

Mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulianza kuichora upya njia hii mkoani Mbeya. Ulisaidiwa na UNICEF, shirika la kujitolea la VSO, kampuni ya simu ya Tigo na fedha za serikali ya Kanada. Mpango uliwalenga watoto wa chini ya miaka mitano. Wanaousimulia nje ya nchi hupenda kuanza na simu ya mkononi, kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye picha. Ukweli ni kwamba simu ilikuja mwishoni mwa fikra, na hapo ndipo ubora wa kazi hii ulipo.

Kilichohama kwanza ni meza. Usajili ulitolewa makao makuu ya wilaya ukapelekwa sehemu mbili ambazo mzazi tayari alikuwa akizifikia kwa miguu: kituo cha afya chenye kliniki ya mama na mtoto, na ofisi ya mtendaji wa kata. Sehemu mbili, kwa sababu watoto wanazaliwa sehemu mbili. Anayezaliwa au kuchanjwa kituoni anakutana na muuguzi. Aliyezaliwa nyumbani, au aliyepitwa na kliniki, anakutana na mtendaji. Ada nayo ikaondolewa kwa watoto wa umri huo, na kwa kuiondoa, mistatili kadhaa ilifutika kwenye mchoro kwa mpigo mmoja: kupokea fedha, kuandika stakabadhi, kutunza fedha, kuzipeleka benki. Muuguzi mwenye foleni ya watoto hamsini asingeweza kuwa pia karani wa fedha.

Lakini meza haihami bila mamlaka. Usajili wa vizazi unaongozwa na sheria yenye asili yake mwaka 1920, zama za utawala wa Waingereza, na sheria ya namna hiyo huuliza jambo moja kabla ya yote: nani anatia saini? Muuguzi na mtendaji walipaswa kupewa nafasi ya wasajili wasaidizi, wafundishwe kujaza daftari la serikali, na wakubali kwamba jina wanaloandika litamfuata mtu maisha yake yote. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mpango mzima. Saini ilishuka kutoka wilayani ikafika kwenye kata. Miradi mingi ya kompyuta serikalini huliacha jambo hilo vilevile lilivyokuwa, ikanunua mashine, kisha watu wakashangaa kwamba mwananchi bado anaambiwa arudi kesho.

Baada ya meza na saini, ndipo lilipokuja swali la cheti chenyewe, na jibu lililopatikana linastahili kutazamwa kwa karibu. Mtu mwenye haraka ya kuonekana wa kisasa angesema: taarifa ziingizwe kwenye simu, ziende Dar es Salaam, cheti kichapishwe, kirudishwe kata. Mchoro wa namna hiyo ungekuwa mzuri ukutani. Mtaani ungemzalia mama safari ya pili upya, maana angesajili leo na kurudi mwezi ujao kuulizia. Zahanati nyingi za vijijini wakati ule hazikuwa na umeme wa kutegemewa, sembuse printa na wino wake. Waliobuni mpango waliamua kwamba cheti kiandikwe kwa mkono, palepale, kwenye fomu maalumu ya serikali, na mama aondoke nacho siku hiyohiyo.

Kwenye mchoro, uamuzi huo unaonekana kama almasi yenye alama ya kujumlisha ndani yake. Maana yake ni kwamba njia inagawanyika na matawi yote mawili yanaendelea, wala hakuna linalomsubiri mwenzake. Tawi la kwanza ni karatasi inayokwenda kwa mama. Tawi la pili ni taarifa ambazo msajili msaidizi anaziingiza kwenye simu na kuzituma kwenye mfumo mkuu wa RITA. Mtandao ukikatika, tawi la pili linachelewa, lakini mama yuko njiani kuelekea nyumbani na cheti chake. Kama matawi hayo yangefungwa pamoja, moja baada ya jingine, mnara mmoja wa simu ukizimika ungesimamisha kliniki nzima.

Uamuzi huo una gharama yake. Ukweli mmoja sasa uko mahali pawili, kwenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu na kwenye simu iliyobonyezwa kwa kidole. Mama anasema Lusajo, muuguzi anaandika Lusajo kwenye cheti, kisha jioni, akiwa amechoka na ana rundo la majina ya kutuma, anabonyeza Rusajo. Herufi moja tu. Miaka kumi na nane baadaye herufi hiyo itakuwa safari ya kwenda kuapa mbele ya wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Ndiyo maana kazi ya kulinganisha kumbukumbu ya simu na nakala ya fomu inayobaki kituoni si ya kupuuzwa. Ni mstatili mdogo usiopigwa picha, na ukikosa mtu wa kuufanya, makosa yanalala kimya mpaka mtoto akue.

Takwimu za taifa hazikuruka mara moja. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulikuta waliosajiliwa wamefika asilimia 26 na wenye vyeti asilimia 14. Anayesoma namba hizo haraka atasema mpango ulidorora. Lakini zilipokusanywa, njia mpya ilikuwa imepita mikoa michache tu, Mbeya kwanza na kisha Mwanza. Baadaye zikafuata Iringa na Njombe, Geita na Shinyanga, Lindi na Mtwara, na mikoa mingine, hata watoto waliosajiliwa kwa njia hiyo wakahesabiwa kwa mamilioni.

Kwenda mkoa kwa mkoa kulikuwa na busara yake. Kila mkoa ulianza kwa kampeni ya kusafisha deni, yaani watoto wote wa chini ya miaka mitano ambao hawakuwa na cheti, kisha kazi ikabaki mikononi mwa zahanati na kata kama kazi ya kila siku. Hatua hizi mbili hazifanani hata kidogo. Kampeni ina magari, matangazo na macho ya wakubwa. Kazi ya kila siku ina muuguzi mmoja, simu ambayo chaji yake inaisha, na bunda la fomu linalopungua. Fomu zikiisha, meza ipo, saini ipo, simu ipo, na cheti hakitoki.

Wako pia walioachwa nje ya mchoro: waliovuka miaka mitano. Kaka wa mtoto aliyepata cheti bure kliniki, mwenye umri wa miaka saba, bado alikuwa wa njia ya zamani, yenye ada na safari ya wilayani. Mpaka wa umri uliusaidia mpango uanze bila kuelemewa, na hilo linaeleweka. Hata hivyo nyumba moja ikabaki na watoto wa namna mbili mbele ya serikali.

Thamani ya kuanzia kwa mtoto mchanga inaonekana vizuri ukitazama upande wa pili, pale utambulisho ulipoanzia kwa mtu mzima. Tanzania ilianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019, na kila mwenye laini alihitaji namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Mwisho ulipangwa kuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, huku foleni za NIDA zikizunguka majengo. Mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa alikuwa anathibitisha kwa mkupuo mmoja mambo ya miaka arobaini, kwa cheti cha shule, kadi ya mpigakura au barua ya mtendaji. Hata hivyo jambo moja lilifanywa kwa akili: namba ilitenganishwa na kadi. Mtu alisajili laini kwa namba tu, kadi ya plastiki ikafuata baadaye. Ni almasi ileile ya Mbeya, matawi mawili yasiyosubiriana.

Kenya nayo iliandikisha watu kwa wingi mwaka 2019 kwa ajili ya Huduma Namba, mpango wake wa namba moja ya utambulisho, takriban milioni 37 kwa hesabu ya serikali. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilisema mpango usiendelee bila kanuni za kutosha, na ikakataza kuchukua vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Tarehe 14 Oktoba 2021 mahakama ikatamka kwamba utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa kwanza, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Kwenye mchoro, tathmini hiyo ni mstatili mmoja kabla ya kazi kuanza. Kurukwa kwake kulitosha kusimamisha kila kilichokuwa mbele yake.

Sasa Tanzania imetangaza mpango wa Jamii Namba, namba ya utambulisho ambayo mtu ataipata tangu kuzaliwa. Mahali pa kuitolea pameshajulikana, ni kwenye benchi lile la zahanati ambako mtoto analia juu ya mzani. Kazi iliyobaki ni mshale mmoja ambao haujachorwa ukakamilika, wa kutoka daftari la RITA kwenda daftari la NIDA. Kichanga aliyesajiliwa Mbeya mwaka 2013 atatimiza miaka 18 mwaka 2031. Siku hiyo atasimama mbele ya dirisha la kuomba kitambulisho, na itajulikana kama karani anaweza kuvuta kumbukumbu iliyotumwa na muuguzi kwa simu, au kama atamwomba alete barua ya mtendaji.